Zilzala na Ufa Ulio Chini Yetu

Mazungumzo yetu ya leo yametokana na barua niliyoipokea, na kwa kuwa mwenye barua ameuliza kwa adabu na kwa haja ya kweli, nimeona si haki nimjibu peke yake kwa posta, ilhali wako maelfu wanaokaa juu ya ardhi ileile na wenye haja ileile.

Mwandishi wa barua ni mzee wa wilaya ya Missenyi, katika mkoa wa Kagera. Anasimulia kwamba siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, yapata saa tisa na nusu alasiri, alikuwa ameketi chini ya mti nje ya nyumba yake akichambua maharage katika ungo, mara akasikia ngurumo kama ya lori zito lipandalo kilima, akainua macho kutazama barabara, na barabara ilikuwa tupu. Kisha ungo ukaanza kucheza mapajani mwake, maharage yakarukaruka mithili ya mvua ipigayo juu ya bati, na alipogeuka kuitazama nyumba, ukuta wa upande wa magharibi, wa matofali ya kuchoma aliyoyafyatua yeye na wanawe, uliinama kuelekea nje, kana kwamba unasujudu, ukaanguka mzima. Mwenyezi Mungu alimnusuru yeye na watu wake, kwa kuwa upande ule hapakuwa na mtu. Wengine katika mkoa ule hawakunusurika: siku ile walikufa watu zaidi ya 15, majeruhi walikuwa mamia, na nyumba zilizobomoka na zilizopasuka zilihesabiwa kwa maelfu.

Tangu siku ile, asema mzee wetu, wamelala katika vyumba vilivyosalia, na uwazi wa ukuta wameuziba kwa mabati. Sasa amepata fedha za kutosha, na ataka kuujenga tena ukuta wake. Lakini kabla hajamwita fundi ameona bora aulize mambo mawili. La kwanza: ni kitu gani kile kilichotikisika? La pili: je, kitarudi? Nawaomba, wasikilizaji, myashike maswali haya mawili, kwa maana ndiyo yatakayotuongoza hata mwisho.

Lugha yetu ina majina mawili kwa jambo hili. Wengi leo husema tetemeko la ardhi, na wazee wa mwambao husema zilzala, neno lililotufikia kwa Kiarabu, na ambalo kila mtoto aliyepita chuoni hulijua, kwa kuwa sura ya 99 ya Kurani imeitwa kwa jina hilo. Na kama wazee walivyokuwa na jina, walikuwa pia na maelezo. Wengi wetu tulisimuliwa utotoni kwamba ardhi imebebwa juu ya pembe ya ng'ombe mkubwa, naye ng'ombe amesimama juu ya samaki, na kila achokapo huihamisha dunia kutoka pembe moja hadi pembe ya pili, ndipo sisi huku juu tukayumba. Wayunani wa kale, na Aristotle akiwa kiongozi wao katika ilimu hii, walidai kwamba ni upepo uliofungika katika mapango ya chini, unaotafuta njia ya kutokea. Na Ibn Sina, tabibu na mwanachuoni mashuhuri, alikuwa na rai iliyokaribiana na hiyo. Tusiwadharau watu hawa, kwa kuwa waliliona jambo wakalitafutia sababu, na kutafuta sababu ndiyo mwanzo wa maarifa. Tena wako waliotuachia hazina bora kuliko rai, nayo ni kumbukumbu. Huko Misri, Jalal al-Din al-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, alitunga kitabu kizima juu ya zilzala, akazipanga mwaka baada ya mwaka, na wataalamu wa zama zetu wamekirejea kitabu hicho kwa shukrani. Maana ardhi ina umri mrefu kuliko vyombo vyetu vya kupimia, na asiyejua yaliyotokea karne tano zilizopita hawezi kukisia yatakayotokea katika karne ijayo.

Basi ni kitu gani kilichotikisika? Jibu la maneno machache ni hili: ni mwamba uliokuwa umepindwa kwa muda mrefu, ukashindwa kuvumilia, ukateleza. Nalirudia: mwamba uliopindwa, ukashindwa, ukateleza. Jibu la maneno mengi linataka twende polepole.

Chukua sufuria ya maziwa yaliyochemka, uiepue, uiache ipoe. Baada ya muda juu ya maziwa hufanya utando, na ukiisogeza sufuria kidogo, utando ule hupasuka vipande. Kipande kimoja kikaachana na jirani yake, kingine kikamsukuma mwenziwe mpaka akakunjamana, viwili vingine vikapitana kando kwa kando vikisuguana. Ardhi tunayoikanyaga ni mithili ya utando huo. Imegawanyika vipande vikubwa, ambavyo wenye ilimu huviita mabamba, vyenye unene wa makumi ya kilomita kwenda chini, na chini ya mabamba hayo iko miamba yenye joto jingi mno, ambayo ingawa si maji, huweza kujongea kidogo kidogo kwa dahari nyingi, kama nta iliyoachwa juani. Mabamba hayatulii. Mwendo wake ni mdogo hata jicho haliwezi kuuona, walakini haukomi usiku wala mchana.

Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuna haja ya kwenda mbali kuutafuta ushahidi, kwa kuwa bara letu lenyewe linapasuka. Mwaka 1893 mjuzi mmoja wa Kiingereza wa mambo ya miamba, John Walter Gregory, alifika hadi Ziwa Baringo, akayatazama magenge marefu yaliyosimama kila upande kama kuta mbili za ujia, akatambua kwamba bonde lile halikuchimbwa na mto wowote, bali nchi ilikatika na katikati yake ikazama. Na jina la Bonde la Ufa, ambalo watoto wetu hulisoma shuleni, latokana na kazi yake. Ufa huo waanzia nchi ya Afar kule Uhabeshi, ukashuka kusini, kisha ukagawanyika matawi mawili. Tawi la mashariki lapita Turkana, Baringo, Nakuru, Naivasha, Magadi, Natron na Manyara. Tawi la magharibi lapita Ziwa Albert, Edward, Kivu, Tanganyika, Rukwa, hata Nyasa. Baina ya matawi hayo limelala Ziwa Viktoria, ambalo ni ziwa la namna nyingine, pana na la kina kidogo, wala halikuzaliwa na ufa.

Mwataka kujua nchi huzamaje? Nendeni ghalani, mtazame magunia ya mchele yaliyosimamishwa matatu kwa safu, yamebanana hata hayawezi kuanguka. Ukiyavuta mawili ya pembeni uyaachanishe kidogo, la katikati, lililokuwa limeshikwa na wenziwe, huteleza chini. Hivyo ndivyo lilivyofanyika Ziwa Tanganyika. Uso wa maji yake uko juu ya bahari kwa mita 770 hivi, lakini kina chake chafika yapata mita 1,470, maana yake ni kwamba mvuvi wa Kigoma atupaye nyavu zake anaelea juu ya shimo ambalo sakafu yake iko chini sana kuliko usawa wa bahari ya Hindi. Kila nikiufikiri mfano huu hushikwa na mshangao upya, ya kwamba gunia moja la mwamba liliweza kuteleza kiasi hicho, na kwamba halikuteleza kwa siku moja bali kwa hatua ndogo ndogo, maelfu kwa maelfu, na kila hatua katika hatua zile ilikuwa zilzala.

Pande mbili za bara letu huachana kwa milimita chache tu kwa mwaka. Tangu siku Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498 hadi leo, huenda zimeachana kwa kadiri ya urefu wa mtu mrefu. Ni kidogo, lakini ni nani awezaye kusimama katikati na kuzizuia?

Sasa tuseme juu ya ufa wenyewe. Katika mazungumzo haya, ufa si ule uonekanao katika ukuta wa nyumba au katika shamba wakati wa kiangazi. Ni mahali mwamba ulipokatika kwa kina kikubwa, na pande mbili za mkato zikaweza kuteleza, moja juu ya mwenziwe. Nyufa ziko za namna tatu, kufuatana na nguvu inayozitenda. Iko ile ya nchi inayovutwa, ambapo upande mmoja huzama, kama nilivyoeleza, na hiyo ndiyo aghalabu ya nyufa zetu. Iko ya nchi inayobanwa, ambapo upande mmoja hupanda juu ya mwingine, kama mkeka uliosukumwa ukutani. Namna hii ndiyo iliyovunjika chini ya bahari karibu na Sumatra tarehe 26 Desemba 2004, ikaiinua bahari, na mawimbi yake yakavuka maji yote ya Bahari ya Hindi hata yakaua watu Somalia, na Kenya, na hapa Tanzania, mbali kwa maelfu ya kilomita na mahali ardhi ilipotikisika. Na iko ya tatu, ambapo pande mbili hupitana kando kwa kando, na katika hiyo ya tatu ndipo wanadamu walipojifunza somo kubwa kupita yote.

Somo hilo lilitolewa California, nchini Marekani, alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1906, wakati mji wa San Francisco ulipotikisika ukaungua, na watu wapatao 3,000 wakafa. Ufa uitwao San Andreas uliteleza kwa urefu wa kilomita zaidi ya 400. Kaskazini ya mji huo, katika mashamba ya ng'ombe, ulikuwako ua wa mbao wa kawaida, uliojengwa ukinyooka kama ua wowote ule, na ulivuka juu ya ufa pasipo mwenyewe kuwa na habari. Baada ya zilzala ua ule ulionekana umekatika, kipande kimoja kimesimama hapa, na kipande cha pili, kilichokuwa kimeungana nacho jana, kimesimama kule, yapata mita mbili na nusu kando. Ilipigwa picha, na picha ipo hata leo. Nguzo hazikuanguka, mbao zimesimama wima, zimepigiliwa misumari yake vilevile, ila mstari umeachana. Atazamaye picha ile huelewa kwa mara moja jambo ambalo maneno yangu yanahangaika kulieleza.

Akatokea profesa mmoja, Harry Fielding Reid, akauliza swali ambalo laonekana dogo: je, nchi ilisogea siku ile moja tu, au ilikuwa ikisogea tangu zamani? Kwa bahati njema wapima ardhi walikuwa wameipima nchi ile mara mbili kabla ya zilzala, katikati ya karne ya 19 na tena kuelekea mwisho wake, kisha wakaipima mara ya tatu baada ya maafa. Reid akavilinganisha vipimo, akaona kwamba mahali palipo mbali na ufa palikuwa pakisogea miaka yote ile, polepole, upande huu kaskazini na upande ule kusini, ilhali penye ufa pande mbili zilikuwa zimeshikana kwa msuguano, zimekataa kwenda. Kwa hiyo nchi ilikuwa ikipindika. Chukueni ufito, wasikilizaji, ushikeni ncha mbili, mkaupinda taratibu. Ufito huvumilia, hausemi neno, lakini nguvu ya mikono yenu haikupotea, imewekwa akiba ndani ya nyuzi za ule mti. Mkaongeza kidogo tu, si zaidi ya mlivyoongeza hapo kwanza, ukavunjika kwa mlio, na mikono yenu ikafa ganzi. Ule mshituko wa mikono ndiyo zilzala. Reid alitangaza hoja yake mwaka 1910, na hata leo haijapata kuondolewa mahali pake.

Mwaka uleule wa 1910, tarehe 13 Desemba, nchi yetu wenyewe ilitoa ushahidi wa namna hiyohiyo, ingawa wachache waliusikia. Katika pande za Rukwa, wakati huo ikiwa chini ya Wadachi, ilitokea zilzala ambayo ukubwa wake umekadiriwa kuwa 7.4, na yahesabiwa miongoni mwa kubwa mno zilizopata kupimwa barani Afrika. Uko ufa mrefu uitwao Kanda, upitao katika uwanda wa Ufipa karibu na mji wa Sumbawanga, na wataalamu wameihusisha zilzala ile na ufa huo. Kisha tarehe 6 Januari 1928, usiku, ikatikisika nchi ya Subukia nchini Kenya, ukubwa wa 6.9, na safari hii ardhi ilichanika waziwazi juu ya uso wake, kwa urefu wa kilomita 38 hivi, chini ya genge la Laikipia, na mahali pengine upande mmoja ukashuka kuliko mwenziwe kwa zaidi ya mita mbili. Lile gunia la katikati lilikuwa limeteleza hatua moja.

Nimetaja ukubwa wa 7.4 na wa 6.9, na yapasa niseme hesabu hizo maana yake nini, kwa kuwa hutajwa kila siku redioni na wengi huzisikia tu. Kipimo hicho kilianzishwa na Charles Richter mwaka 1935, na si kama kipimo cha pishi ambapo mbili ni maradufu ya moja. Kila unapopanda daraja moja, nguvu itokayo huzidi yapata mara 30. Kwa hiyo zilzala ya Kagera, iliyokuwa 5.9, na ile ya Rukwa ya mwaka 1910, hazikuachana kwa kidogo kama masikio yanavyodhani. Ile ya Rukwa ilitoa nguvu zaidi ya mara 150 kuliko iliyouangusha ukuta wa mzee wetu. Lihifadhini hilo, nitalihitaji hivi punde.

Na ile ngurumo aliyoisikia mzee, ya lori lisiloonekana? Mwamba ukatikapo hutoa mawimbi ya namna mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza husukuma na kuvuta, nayo ni mepesi wa mbio, ndiyo husikika kama ngurumo. Ya pili hutikisa kwa kwenda upande na upande, huenda taratibu zaidi, na hayo ndiyo yabomoayo. Ni kama umeme wa mvua na radi yake: mwanga hukufikia mbele, sauti ikafuata, na kadiri zinavyoachana ndivyo ulivyo mbali. Mzee alipata nafasi ya kuinua macho na kutazama barabara. Nafasi ile ndogo ilikuwa ni umbali baina yake na mwamba uliokatika, na mwamba wenyewe ulikuwa kilomita 40 hivi chini ya ardhi.

Sasa nafika kwenye swali la pili, nalo ni zito. Je, kitarudi?

Hapa, wasikilizaji, ilimu yetu ina nusu mbili, na nusu moja i kamili kuliko nyingine. Mahali pa zilzala pajulikana. Wakati wake haujulikani. Nasema tena: mahali pajulikana, wakati haujulikani. Ukinipa ramani ya Afrika ya Mashariki, naweza kuchora kwa kidole nchi zitakazotikisika, wala sitahitaji ufunuo, maana ni nchi zilezile zilizokwisha kutikisika na zilizobeba nyufa. Kweli, ufa wa Kagera haukujitokeza juu ya ardhi, mkulima hakuwa na mstari wa kuuonyesha shambani mwake, na wapo watu walioshangaa wakisema, sisi hatumo bondeni. Lakini nchi ile imo katika jirani ya tawi la magharibi, na nguvu inayoupasua ufa huo haiishii kandokando ya maziwa.

Ama wakati, nisikilizeni kisa hiki cha China. Mwaka 1975, katika pande za Haicheng, ardhi ilianza kutetemeka kwa vishindo vidogo vidogo, vikazidi siku kwa siku, wakuu wakawaamuru watu watoke majumbani katika baridi ya mwezi wa Februari, na tarehe 4 zilzala kubwa ikaja, na maelfu ya watu wakawa hai kwa kuwa walikuwa nje. Dunia ikafurahi, ikadhani siri imefichuka. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Julai 1976, kabla ya alfajiri, mji wa Tangshan katika nchi ileile, chini ya wataalamu walewale, ulitikisika pasipo onyo la namna ile, watu wamelala, na kwa hesabu ya serikali yao walikufa 242,000. Tangu hapo wenye ilimu wamekuwa na hadhari. Akujiaye leo akakuambia zilzala itakuja Jumatano ijayo, awe ni mnajimu au ni ujumbe wa simu ulionakiliwa na watu elfu, ujue kwamba hana alijualo.

Wako waionao nusu hii ya ujuzi kuwa ni upungufu usiofaa kitu. Mimi siafikiani nao hata kidogo. Mkulima hajui ni siku gani mvua itanyesha, lakini hujua kwamba huku kwetu mvua hunyesha, kwa hiyo huezeka. Je, kuna aezekaye baada ya kwanza kupata tarehe?

Ndani ya bahasha ya barua, mzee wetu alitia kitu kingine, kimekunjwa katika karatasi ya daftari. Ni kipande cha udongo uliokuwa baina ya matofali ya ukuta wake ulioanguka. Ninacho hapa mbele yangu. Kina alama ya tofali upande mmoja, na upande wa pili alama ya mwiko wa fundi. Nilikibana kwa vidole viwili, pasipo kutia nguvu, kikawa vumbi juu ya meza. Matofali yake, asema, hayakuvunjika hata moja, na ndiyo atakayoyatumia tena. Basi kilichoshindwa si tofali. Ni kile kilichopaswa kuyashikanisha. Na kumbukeni nilivyosema: ile haikuwa zilzala kubwa. Ziko nchi ambamo zilzala ya 5.9 huangusha vyombo kabatini, watu wakaviokota na kurudi mezani. Hayo ni maneno yanayoniuma kuyasema, kwa sababu maana yake ni kwamba wengi katika wale waliozikwa Septemba ile wangaliweza kuwa hai.

Wazee wa Kihaya walijenga misonge, nyumba za fito na nyasi toka juu hata chini, na msonge ukitikiswa hucheza ukarudi mahali pake. Simwambii mtu arudi kwenye msonge, kwa maana una khatari yake ya moto, na kila mtu ana haki ya kutamani nyumba ya tofali. Nasema tu kwamba tulipouacha msonge tukashika tofali, tuliuacha pamoja na ule uwezo wa kupindika pasipo kuanguka, na tofali halina uwezo huo ila tulipe.

Na tulipeje? Kwanza ni chokaa au saruji iliyochanganywa kwa kipimo cha haki na mchanga safi, badala ya udongo mtupu. Lakini lililo kubwa zaidi ni mkanda. Mafundi wetu wengi humwaga lenta juu ya mlango na juu ya dirisha, kipande hapa na kipande pale, wakaona yatosha. Kwa nyumba ya kawaida mahali patulivu, labda. Penye zilzala, lenta yapasa iwe mkanda mmoja wa zege na nondo ndani yake, unaozunguka kuta zote za nyumba pasipo kukatika, na nondo zifungwe pembeni ukuta ukutanapo na ukuta. Kuta nne zisizofungwa ni watu wanne wasiojuana. Kila mmoja huanguka kwa upande wake. Mwanamke aliyejitwisha kuni hazifungi mti mmoja mmoja, hupitisha kamba mzigo mzima. Mkanda ndiyo kamba. Kisha madirisha yasikaribie sana pembe za nyumba, na ile pembetatu ya ukuta inayopanda hadi chini ya paa, ambayo ndiyo aghalabu huanguka mbele ya yote, heri ifanywe kwa mbao au bati, si kwa matofali.

Na siku yenyewe ikifika, ukiwa ndani ya nyumba imara, jitupe chini ya meza nzito, ushike mguu wake, ukae mbali na vioo mpaka itulie. Ukiwa katika nyumba dhaifu na mlango u hatua mbili, toka, na ukisha kutoka usisimame kando ya ukuta. Na nyinyi wa pwani, mkihisi ardhi yatikisika kwa muda mrefu, au mkiona bahari imekauka wakati si wa maji kupwa, msishuke kuokota samaki, pandeni juu.

Mzee wangu wa Missenyi, shikamoo. Umeuliza kama kitarudi. Katika nchi yenu kitarudi, kwa kuwa kinachoipinda ardhi hakijakoma wala hakitakoma. Huenda kisirudi katika uhai wako wala wa wajukuu zako, huenda kikarudi kabla matofali yako hayajafika usawa wa madirisha. Umeandika kwamba unazo fedha za ukuta mmoja, na kwamba kuta tatu za zamani utaziacha kama zilivyo. Ukiweza kungoja, nakusihi ungoje. Uuache ukuta wa mabati mwaka mmoja zaidi, ununue nondo kwanza, na fundi atakapopandisha ukuta mpya hata juu ya mlango, umwambie asimame hapo, azichonge kuta zile tatu kwa usawa uleule, aumwage mkanda uzunguke zote nne. Akikuambia kwamba lenta ya mlango yatosha, mwambie akibane kwa vidole kipande kingine cha udongo wa ukuta wako wa kwanza. Naamini hukunipelekea chote.